Jagi la Maji Halali

Kila asubuhi, kabla chai ya ofisi haijachemka, Zawena Mwinyikombo alitoka nje na kipande cha chaki, akafuta ubao uliosimama mbele ya Mamlaka ya Maji ya Kivumoni, akaandika mitaa ambayo siku ile ingepata maji ya bomba. Alikuwa na mwandiko mzuri wa chuoni, herufi zake zimelala kidogo upande mmoja kama watu wanaonong'onezana. Wanawake waliopita kwenda sokoni walisimama kusoma, na aliyekuta mtaa wake umeandikwa alisema, "Mungu akuweke, binti wa maji," utadhani Zawena mwenyewe ndiye aliyeyachota mtoni na kuyatwika kichwani. Yeye aliona haya, akajificha nyuma ya ubao mpaka wamalize kumshukuru.

Asubuhi moja alikuwa ameandika Sokoni na Relini, ameanza kuandika Makaburini, aliposikia gari likisimama mgongoni kwake. Akashuka bwana mwenye suti ya rangi ya majivu na viatu vilivyong'aa kuliko siku yenyewe. Alichomoa leso, akafuta Sokoni, akafuta Relini, akafuta na ile nusu ya Makaburini, kisha akaikunja leso yake taratibu na kuirudisha mfukoni.

"Samahani, kaka," alisema Zawena kwa sauti ndogo. "Hiyo ni ratiba ya maji."

"Ilikuwa," alisema yule bwana.

Huyo alikuwa Bwana Tindwa, Mkaguzi Mkuu wa Uchotaji kutoka Wizara ya Maji na Utulivu ya Jamhuri ya Shukrani. Msomaji asijisumbue kuitafuta Jamhuri hiyo kwenye ramani. Ramani zake zimechapwa vizuri sana, ila bado zinasubiri mgeni rasmi wa kuzizindua. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, yenye mito mikubwa na watu wenye adabu, na kwamba kwenye noti zake zote pameandikwa kaulimbiu ya taifa: Asante Kwanza.

Bwana Tindwa alipokewa na Meneja Hatibu, mtu mnene mpole aliyeiendesha Mamlaka ile kwa pampu moja kuukuu na dua nyingi. Zawena, ambaye cheo chake kilikuwa Afisa Uhusiano, alileta chai akabaki amesimama mlangoni.

"Tumekuja na Rasimu ya Kanuni za Uchotaji," alisema Bwana Tindwa. "Mto Mvumo umekuwa ukichotwa tangu enzi za mababu bila kuulizwa. Wewe Meneja ungependa kuchotwa bila kuulizwa?"

"Mimi si mto, bwana mkubwa."

"Ndiyo maana hatukuulizi wewe."

Akaeleza. Kuanzia sasa, kila anayewapa wananchi maji angepaswa kwanza kununua kipimo cha kupima maji yanayotoka mtoni, kisha kipimo cha pili cha kupima kama kile cha kwanza kinapima. Angeajiri mtaalamu wa hisia za samaki. Angejenga uzio kuuzunguka mto, upande wa juu na wa chini, ili maji yanayopita yajulikane kuwa ni yale yale. Mwisho angeomba Barua ya Ridhaa ya Mto, ambayo Wizara ingeitoa baada ya mto kutangaziwa katika gazeti la serikali na wenyewe kutoleta pingamizi. Gharama zote angebeba mtoa maji, na mpaka azilipe, pampu isiguswe.

"Na kiwanda cha bia?" aliuliza Meneja. "Mashamba ya maua? Na maboza ya Bwana Chongwe anayeuza maji mitaani? Wote wanachota hapo hapo chini yetu."

"Hao ni watu binafsi. Kanuni zinahusu wanaowapa wananchi. Mtu binafsi akichota mto ni uwekezaji. Umma ukichota ni uharibifu." Bwana Tindwa akapuliza chai. "Sukari imezidi kidogo, binti, lakini asante."

Alipotoka kwenda kuukagua mto, Meneja Hatibu alipiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la meza. Akafuta, akapiga tena. Kila alivyopiga, gharama ya kuomba maji ilizidi bei ya maji yenyewe, kama mtu anayenunua kamba ya dhahabu kumfungia mbuzi wa kukopa. Akiilipa hakuna dizeli ya pampu. Asipoilipa pampu inatiwa lakiri.

"Hii ni rasimu tu," alisema Bwana Tindwa aliporudi na tope kwenye viatu. "Serikali yetu ni sikivu. Makao makuu kuna Mkutano wa Wadau. Asiyekubali aje aseme hapana."

Hapo akacheka kidogo, na Meneja naye akacheka, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kusikia hapana hadharani tangu bendera ipandishwe. Si kwamba ilikatazwa. Katiba ya Shukrani inairuhusu kabisa, na kuna ibara nzuri inayoisifu. Ni utovu wa adabu tu, kama kupiga mbweu mbele ya mkwe.

Meneja Hatibu alikuwa na jino lililomuuma kila Wizara ilipoita mkutano. Likamuuma. Akamwita Zawena.

"Utakwenda wewe. Umesoma, unajua kusema. Usiwaeleze mengi, mama. Waambie neno moja: hatuwezi."

"Neno moja tu, Meneja?"

"Moja. Huwezi kulisahau."

*

Nyumbani Zawena aliishi na kaka yake Mrisho, fundi wa baiskeli, na mkewe Chausiku, ambaye wakati huo tumbo lake lilikuwa limetangulia mbele yake kama mgeni asiyesubiri kukaribishwa.

Watu wa Kivumoni wana mila moja wasiyoiacha. Mtoto akizaliwa, maji yake ya kwanza ya kuogea huletwa na shangazi. Hayaletwi na mama wala bibi. Shangazi huyafuata mwenyewe, huyabeba mwenyewe, na huyamimina kwa mkono wake huku akimtajia mtoto jina. Asiyeogeshwa na shangazi, wanasema, hukua akiwa mgeni kwao. Watu wazima wenye ndevu, wakishindwa kuelewana na ndugu zao, huulizwa: kwani wewe shangazi yako alichelewa?

"Wewe wifi yangu una bahati," alisema Chausiku, amekaa mkekani akijipepea na mfuniko wa sufuria. "Mashangazi wengine hukimbizana na ndoo. Wewe maji unalala nayo ofisini."

"Nitamletea bafu zima," alisema Zawena.

"Umletee na jina. Na ulitaje kwa sauti, si kwa hicho kisauti chako cha kuku mwenye mafua. Mtoto asije akadhani anaitwa Mhm."

Wakacheka wote. Zawena akalala na furaha, na kabla usingizi haujamchukua alilifanyia mazoezi lile neno: hatuwezi. Gizani lilitoka bila taabu.

*

Ukumbi wa Wadau ulikuwa na viti vya kuzunguka na maji ya chupa kutoka nchi ya mbali. Wadau walikuwa mamlaka za maji za nchi nzima. Mbele alikaa mwenyekiti, Katibu Mkuu wa Wizara, akiwa na kengele ndogo ya shaba. Kila mdau angepewa nafasi fupi, kengele ikilia amekwisha.

Wasemaji waliotangulia walisema vizuri sana. Zawena hakuelewa walichosema, lakini vilipigwa vigelegele. Kisha likaitwa jina la Kivumoni. Akasimama. Chuoni alifundishwa, na kabla ya chuo mama yake alimfundisha, kwamba mtu hasemi shida yake kabla hajasalimia, na hasalimii kabla hajamtambua kila mwenye cheo. Akaanza.

"Mheshimiwa Katibu Mkuu. Waheshimiwa Manaibu Katibu Wakuu. Waheshimiwa Wakurugenzi na Wakurugenzi Wasaidizi na wanaokaimu nafasi hizo. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa Waziri, na Mheshimiwa aliyemwakilisha Mwakilishi. Viongozi wa dini. Wazee wetu. Wageni kutoka nchi rafiki. Wanahabari. Itifaki imezingatiwa. Awali ya yote naomba kuipongeza Wizara kwa kutualika, na kwa chai nzuri, na kwa kutujali sisi watu wa pembezoni. Baada ya kusema hayo..."

Kengele ikalia.

"Asante sana, binti," alisema Katibu Mkuu, naye akatabasamu kweli kweli, kama mzazi. "Kivumoni inapongeza na inaunga mkono. Andikeni."

Makofi yakaanguka kama mvua juu ya bati. Zawena alibaki amesimama, mdomo wazi, na lile neno limekaa nyuma ya meno. Hakuna aliyemziba mdomo. Hilo ndilo lililomtesa baadaye. Askari walikuwa nje wakila maandazi, kipaza sauti kilikuwa wazi mbele yake, na watu wote wakimwangalia kwa upole. Angeweza kusema. Lakini wangapi wanaweza kumharibia furaha mtu anayewatabasamia? Akasema, "Asante," akakaa.

Mzee aliyeketi jirani yake, Mwakilishi wa Mamlaka ya Maji ya mji wa mbali, alimwinamia. "Umesema vizuri, mwanangu. Una adabu."

"Sikusema, baba. Nilitumwa niseme hatuwezi."

Mzee alitazama chupa yake ya maji. "Na mimi nilitumwa niseme hivyo hivyo," alisema. "Nadhani sote humu."

Kwenye chakula cha mchana Zawena akagundua kuwa mzee hakukosea. Kila mdau alikuwa ametoka kwao na lile neno moja, na kila mmoja alikuwa amekatiwa na kengele akiwa bado anasalimia. Walikula wali bila kuangaliana usoni. Nyama ilikuwa laini, wakaishukuru.

"Ulisema?" aliuliza Meneja Hatibu aliporudi.

"Nilisalimia," alijibu Zawena.

Meneja hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Alishika shavu upande wa lile jino, akasema, "Umelelewa vizuri," akaingia ofisini kwake na kufunga mlango polepole.

*

Kanuni zikapita, na redio ya taifa ikatangaza kwamba zimepita kwa maombi ya wadau wenyewe, na kwa namna ya pekee ikawashukuru wananchi wa Kivumoni kwa moyo wao mkunjufu. Bwana Tindwa akaja na lakiri nyekundu, akaibandika kwenye pampu.

Makusanyo yote ya Mamlaka yakaelekea kwenye Kanuni. Kikaja kipimo cha kwanza, kikaja cha pili, na viwili hivyo vikawa havikubaliani, hivyo akaja msuluhishi wa vipimo. Akaja mtaalamu wa hisia za samaki, kijana msafi aliyekaa kando ya mto chini ya mwavuli na kuripoti kwamba samaki walionekana kuwa na mashaka. Ukajengwa uzio. Mto Mvumo ulipita katikati ya mji umejaa pomoni, unanguruma mchana kutwa, na wananchi wakausikiliza kutoka upande wa pili wa seng'enge. Chini kidogo, ambako uzio uliishia kwa sababu ardhi ilikuwa ya mtu binafsi, maboza ya Bwana Chongwe yalichovya mipira yao mtoni, yakajaa, yakapanda mjini kuuza ndoo kwa bei ambayo wengine waliisikia wakakaa chini.

Zawena hakuwa na mitaa ya kuandika tena. Lakini ubao wa serikali haukai mtupu, kwa hiyo Wizara ilimtumia maneno, naye akayanakili kila asubuhi kwa mwandiko wake mzuri. *Bomba limepumzika kwa heshima ya mto. Wananchi mnaombwa kuona kiu kwa utaratibu.* Siku nyingine: *Kunawa mikono ni muhimu, kunawa mmoja mmoja si lazima.* Na zahanati ilipoomba msaada, Wizara ikatuma tangazo la kuokoa maisha: *Mama mjamzito, njoo na ndoo zako za maji. Ndoo yako, usalama wako.* Hilo alitakiwa aliandike pia kwenye karatasi nene ya kubandika mlango wa wodi ya wazazi. Akaliandika. Chini akalichorea ua dogo, kwa kuwa bila ua lilionekana katili mno, na lilipokwisha kuwa na ua likaonekana katili zaidi, lakini karatasi ilikuwa moja.

Wanawake hawakumtukana. Walipita na ndoo tupu, wakasoma, wakaendelea na safari. Siku moja Bi Mwanamize, muuza vitumbua, alisimama mbele ya ubao kwa kitambo.

"Mwandiko bado mzuri," alisema, akaenda zake.

Zawena aliingia stoo, akakaa juu ya mabomba mapya yasiyo na kazi. Alitamani angetukanwa na mji mzima kwa zamu.

*

Uchungu wa Chausiku ulianza alfajiri ya siku ile ile ambayo Mheshimiwa Waziri alitarajiwa kuja kuzindua Kanuni. Mrisho alimbeba kwenye baiskeli ya mteja mpaka zahanati. Zawena aliwakimbilia nyuma na ndoo moja ya maji ya boza, rangi yake kama chai iliyokosa majani.

Muuguzi aliwasimamisha mlangoni, chini ya karatasi yenye ua. "Moja tu? Tangazo linasema ndoo zako, si ndoo moja. Hujui kusoma, dada?"

"Anajua," alisema Chausiku akiwa ameshika ukuta, jasho linamtiririka. "Ndiye aliyeandika."

Muuguzi akamtazama Zawena, kisha karatasi, kisha Zawena tena. Akachukua ndoo.

Mtoto alizaliwa jua likiwa limepanda, wa kike, mzima, mwenye kelele. Ndoo ile iliishia kwa mama na kwa mikono ya muuguzi. Mtoto alipanguswa kwa kanga kavu, akafungwa, akawekwa pembeni akiwa bado na utando wa kuzaliwa kwenye nywele.

Zawena aliingia akasimama mbali na kitanda.

"Sogea," alisema Chausiku. Sauti yake ilikuwa imechakaa. "Unamwona? Hajaoga. Nimewaambia wamwache, shangazi yake yuko njiani na maji."

"Wifi, nitanunua ya boza. Nitachemsha."

"Hayo yenye harufu ya dizeli ndiyo utamtajia mtoto jina juu yake?" Chausiku alifumba macho. "Mimi sikuulizi kitu, Zawena. Sijawahi kukuuliza uliwaambia nini kule makao makuu. Watu wananiuliza sokoni, nawaambia wifi yangu alijitahidi. Nilisema kweli?"

Zawena alifungua mdomo. Yakaja machozi, neno halikuja. Chausiku alisubiri, kisha akageuza uso ukutani, bila hasira, kama anayezima taa kwenye chumba kisicho na mtu.

*

Kando ya mto palipambwa. Kulikuwa na mahema, zulia jekundu, ngoma, na umati wa wananchi walioahidiwa kwamba maji yatatoka. Nayo yalitoka. Barua ya Ridhaa ya Mto ilikuwa imefika asubuhi ile ndani ya bahasha yenye utepe, ikiruhusu uchotaji wa kwanza halali katika historia ya Jamhuri: jagi moja. Bajeti ya Mamlaka ya mwaka mzima ilikuwa imeishia kwenye jagi hilo. Lilikuwa la kioo, maji yake meupe, limesimama juu ya meza yenye kitambaa, likilindwa na askari wawili.

Zawena alikuja moja kwa moja kutoka zahanati, kanga yake ina damu kidogo pembeni. Meneja Hatibu, ambaye leo jino lake halikupata ruhusa ya kuuma, alimnong'oneza, "Wamekuchagua wewe kumpelekea Waziri jagi. Unywaji wa kwanza. Na utoe neno la shukrani."

Mheshimiwa Waziri alikuwa mtu mrefu mwenye vyeo vingi kiasi kwamba mshereheshaji alivigawa sehemu mbili na kupumzika katikati. Alihutubia kwa upendo.

"Ndugu zangu wa Kivumoni," alisema, "nchi nyingine watu wanalazimishwa kanuni. Nyinyi mliziomba. Nimeambiwa binti mmoja wa hapa alisimama mbele ya taifa akapongeza mpaka kengele ikamlilia. Yuko wapi? Njoo, mama. Nipe maji, useme na neno."

Umati ukapasuka katikati ili apite. Zawena akaliinua jagi kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Akatembea juu ya zulia, na pande zote mbili aliwaona watu anaowajua, midomo imepauka, wakiyatazama maji na si yeye. Bi Mwanamize alikuwemo. Uso wa Zawena uliwaka, akatamani nchi ipasuke immeze na jagi lake. Alifika mbele ya Waziri, naye Waziri akanyoosha mkono. Mshereheshaji akamwekea kipaza sauti mdomoni.

Zawena hakulitoa jagi.

"Mheshimiwa," alisema, na hapo waliozoea walikaa sawa kusubiri orodha. Haikuja. Alinyamaza mpaka ngoma nazo zikaona haya zikanyamaza. "Sitakupa."

Fundi wa mitambo, kijana mwenye malezi mema, alizima kipaza sauti haraka kama mtu anayemfunika mlevi shuka. Mkono wa Waziri ulibaki hewani, na tabasamu lake nalo likabaki, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha pa kuliweka. Meneja Hatibu alishika shavu. Mto ukasikika ukipita nyuma ya seng'enge.

Zawena alilibana jagi kifuani, maji yakamwagika kidogo kwenye kanga. Ikambidi aseme kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo, na ili wafike wa nyuma ikambidi aipandishe mpaka ikakwaruza.

"Nilitumwa niwaambie neno moja nikaona haya. Hawa wote wana kiu kwa sababu mimi niliona haya. Hatuwezi, Mheshimiwa. Kanuni zenu hatuwezi kuzilipa, hatukuwahi kuweza, na hatukuziomba. Fungueni pampu. Na haya maji si ya kwako. Kuna mtoto hajaoga, nampelekea."